Kanuni za Pembe Zilivyozaliwa Kazini

Pembe ya nyuzi 1 iliwasumbua wanahisabati kwa karibu miaka 1,300. Nyuzi 60 hazina taabu: chora pembetatu yenye pande tatu sawa, umezipata. Nyuzi 72 hutokana na umbo la pande tano sawa, na Euclid alishaonyesha namna ya kulichora. Lakini nyuzi 1 haitoki katika umbo lolote linaloweza kuchorwa kwa rula na bikari. Bila hiyo hakuna jedwali kamili la pembe, na bila jedwali mwanafalaki hawezi kutabiri kupatwa kwa mwezi wala kupanga kalenda.

Mwanafunzi wa kidato cha nne hukutana na sin(A + B) = sin A cos B + cos A sin B kama jambo la kukariri kabla ya mtihani. Ni nadra kuambiwa kwamba kanuni hiyo, na ndugu zake wote, zilitungwa na watu waliokuwa na pembe chache mkononi huku wakihitaji nyingi. Walizitafuta ili kupunguza kazi. Zamani hizo kukokotoa kulifanywa kwa mkono, tarakimu moja baada ya nyingine, na njia ya mkato ilikuwa na thamani yake.

Iskanderia, kama mwaka 150

Kabla ya Ptolemy palikuwa na Hipparchus, aliyefanya kazi katika kisiwa cha Rhodes karne ya 2 kabla ya Kristo. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kutunga jedwali la pembe, lakini jedwali lenyewe limepotea. Lililotufikia ni la Claudius Ptolemy wa Iskanderia, katika kitabu chake cha falaki kinachojulikana kama Almagest. Ni Ptolemy huyohuyo ambaye, katika kitabu chake cha jiografia, aliutaja mji wa Rhapta uliokuwa pwani ya Afrika Mashariki.

Wagiriki hawakuwa na saini kama tuijuavyo. Walipima ugwe, yaani mstari mnyoofu unaounganisha ncha mbili za tao la duara. Ptolemy alichukua duara lenye nusu kipenyo cha 60, akataka kujua urefu wa ugwe kwa kila nusu nyuzi kuanzia nusu hadi 180. Hiyo ni mistari 360 ya jedwali. Kama angeipima kwa rula, kosa la unene wa kalamu lingeharibu kila kitu. Ilibidi akokotoe.

Silaha yake ilikuwa kanuni moja ya maumbo. Chora umbo la pande nne ambalo kona zake zote zinagusa duara. Pima mistari miwili inayolikata umbo hilo toka kona hadi kona, uizidishe. Kisha zidisha pande mbili zinazotazamana, zidisha na zile mbili nyingine, ujumlishe. Majibu ni sawa, siku zote. Ukiufanya upande mmoja wa umbo uwe kipenyo cha duara, kanuni hiyo inakupa ugwe wa tofauti ya pembe mbili ambazo unazijua tayari. Kwa lugha ya leo, hiyo ni sin(A − B).

Hapo mlango ukafunguka. Toa 60 katika 72, unabaki na 12. Kwa kanuni ya nusu pembe, 12 inazaa 6, 6 inazaa 3, 3 inazaa 1½, na 1½ inazaa ¾. Kisha njia ikazibika. Kugawa kwa mbili hakuwezi kukufikisha kwenye 1, na kugawa pembe kwa tatu kulimshinda kila Mgiriki aliyejaribu kwa rula na bikari. Ptolemy alikwepa. Alithibitisha kwamba ugwe wa nyuzi 1 ni mdogo kuliko theluthi nne za ugwe wa nyuzi ¾, na ni mkubwa kuliko theluthi mbili za ugwe wa nyuzi 1½. Mipaka hiyo miwili ilikaribiana mno, akachukua thamani iliyokuwa kati yake na kuendelea na kazi. Jedwali lilitosheleza falaki kwa karne nyingi, lakini nyuzi 1 ilibaki makadirio.

Bara Hindi, 499 na baadaye

Mwaka 499 Aryabhata, akiwa na umri wa miaka 23, aliandika kwa beti fupi kitabu kilichobeba jedwali la thamani 24 tu, kila moja ikiwa mbele ya nyingine kwa nyuzi 3 na dakika 45. Jedwali ni dogo, lakini lina badiliko lililobaki hadi leo. Wanafalaki wa India waliacha ugwe mzima wakachukua nusu yake. Ukitumia nusu, pembetatu mraba inajitokeza yenyewe ndani ya duara, na saini na kosaini zinakuwa pande zake mbili. Katika karne ya 6 Varahamihira wa Ujjain alikuwa na uhusiano ambao sisi huuandika sin²A + cos²A = 1. Kwa kweli hiyo ni kanuni ya Pythagoras iliyoingizwa ndani ya duara, na wanaoikariri kama jambo geni wanajitwisha mzigo bure.

Baghdad, Ghazna na Maragha, karne ya 9 hadi ya 13

Elimu hiyo ya Wagiriki na Wahindi ilikutana Baghdad, na hapo ikapata kazi mpya. Muislamu anahitaji kujua saa za swala, mwanzo wa Ramadhani, na upande wa kibla popote alipo. Wakati wa alasiri unajulikana kwa urefu wa kivuli, kwa hiyo wanafalaki kama Habash al-Hasib walitunga majedwali ya vivuli kwa kila kimo cha jua. Urefu wa kivuli cha mti ukilinganishwa na urefu wa mti wenyewe ndio tunaouita leo tanjenti, au kinyume chake, kutegemea mti umechomekwa ukutani au ardhini.

Kibla kilikuwa kigumu zaidi, maana dunia ni tufe na pembetatu zinazochorwa juu ya tufe zina sheria zake. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyefariki mwaka 998, alifanya kazi hiyo Baghdad. Aliithibitisha kanuni ya saini ya jumla ya pembe mbili kwa njia iliyo karibu sana na ile ya vitabu vya sasa, akatumia tanjenti na sekanti sambamba na saini, na akatunga jedwali la saini kwa kila robo ya nyuzi. Mwezi Mei mwaka 997 yeye na kijana mmoja, Abu Rayhan al-Biruni, walipatana kuutazama mwezi ukipatwa, mmoja akiwa Baghdad na mwingine Kath, huko Khwarazm. Mwezi hupatwa kwa wakati mmoja kwa wote wanaouona, lakini saa za miji hutofautiana. Tofauti ya saa moja ni nyuzi 15 za longitudo. Kwa njia hiyo waliupima umbali wa miji yao kwa upande wa mashariki na magharibi bila hata mmoja wao kusafiri.

Al-Biruni alikuja kuandika kitabu kizima, alichokikamilisha mwaka 1025, ambacho lengo lake lililotajwa wazi lilikuwa kupata kibla cha mji wa Ghazna. Kilichojaa humo ni latitudo, longitudo na pembetatu za tufe, ukurasa baada ya ukurasa. Mwambao wa Waswahili ulipewa ahueni na jiografia. Mombasa iko takriban kwenye longitudo ya nyuzi 39.7 na Makka ni 39.8, na Unguja nayo haipishani nazo hata kwa nyuzi moja. Anayeswali pwani yetu akielekea kaskazini amekwishapata kwa macho karibu jibu lote ambalo al-Biruni alilitolea jasho.

Hadi wakati huo hesabu ya pembe ilikuwa mtumishi wa falaki. Nasir al-Din al-Tusi, aliyejenga kituo cha kutazama nyota huko Maragha mwaka 1259 chini ya watawala wa Kimongolia, ndiye aliyeiandikia kitabu kilichosimama peke yake, pembetatu bapa na za tufe zikipangwa kama somo kamili.

Samarkand, kabla ya 1429

Nyuzi 1 ilikuwa bado inasubiri. Aliyeitatua alikuwa Jamshid al-Kashi, katika kituo cha Ulugh Beg, mtawala aliyependa nyota kuliko vita. Al-Kashi alianza na kanuni ambayo wanafunzi wengi huiona kama pambo la kitabu:

sin 3A = 3 sin A − 4 sin³A

Saini ya nyuzi 3 ilijulikana, kwani Ptolemy alishaifikia. Ukiiweka A kuwa 1, unapata mlinganyo wa kipeo cha tatu ambao jibu lake ni saini ya nyuzi 1. Kuutatua mlinganyo wa namna hiyo moja kwa moja hakukuwezekana wakati ule. Al-Kashi aliupindua kidogo: saini ya nyuzi 1 ni theluthi ya saini ya nyuzi 3, ukiongeza theluthi nne za kipeo cha tatu cha saini hiyohiyo unayoitafuta. Inaonekana kama kuzunguka mahali pamoja, kwa kuwa kisichojulikana kimekaa pande zote mbili. Lakini kipeo cha tatu cha namba ndogo kama hiyo ni kidogo mno, kwa hiyo hata ukikisia vibaya kosa halikui, linanyauka.

Jaribu kwa desimali, ingawa yeye alitumia mfumo wa sitini. Theluthi ya saini ya nyuzi 3 ni 0.0174453187. Itumie kama kisio la kwanza, utapata 0.0174523978. Irudishe tena, utapata 0.0174524064, na hapo tarakimu zote kumi za desimali ni sahihi. Al-Kashi aliendelea mbali zaidi ya hapo. Alifariki mwaka 1429. Jedwali la Ulugh Beg lililotolewa mwaka 1437 lilikuwa na saini kwa kila dakika moja ya nyuzi. Miaka 12 baadaye Ulugh Beg mwenyewe aliuawa, na kituo kikaachwa kikabomoka.

Ulaya: kuzidisha kwa kujumlisha, 1510–1614

Mwanahisabati Regiomontanus alikuwa amemaliza kitabu chake cha pembetatu mwaka 1464, lakini hakikuchapishwa hadi 1533. Kuanzia hapo majedwali yaliongezeka kwa kasi. Rheticus, mwanafunzi wa Copernicus, alianza jedwali la tarakimu kumi kwa kila sekunde kumi za pembe, akafa mwaka 1574 kabla ya kulimaliza. Mwanafunzi wake Valentin Otho alilichapisha 1596.

Majedwali hayo yalileta tatizo la aina nyingine. Kujua saini kwa tarakimu kumi ni sawa, ila falaki inataka uzizidishe. Kuzidisha namba mbili za tarakimu kumi kwa mkono ni kazi ya kuumiza mgongo, na kosa moja tu hulazimu kuanza upya. Johannes Werner, padri wa Nuremberg, alikuwa ameona njia mwanzoni mwa karne ya 16:

cos A × cos B = ½ [cos(A − B) + cos(A + B)]

Upande wa kushoto ni kuzidisha. Upande wa kulia ni kujumlisha na kugawa kwa mbili tu. Tuseme unataka 0.7431 mara 0.9063. Tafuta kwenye jedwali: ya kwanza ni kosaini ya nyuzi 42, ya pili ni ya nyuzi 25. Tofauti yake ni 17, jumla ni 67. Kosaini zake ni 0.9563 na 0.3907. Jumlisha upate 1.3470, chukua nusu: 0.6735. Ukizidisha kwa njia ya kawaida utapata jibu hilohilo, ila kwa jasho zaidi.

Mwaka 1580 Paul Wittich aliipeleka mbinu hiyo katika kisiwa cha Hven, alikokuwa mwanafalaki Tycho Brahe na wasaidizi wake wakirekodi nyota usiku na kukokotoa mchana. Ilitumika huko kama siri ya kazini, na wakaja kugombana juu ya nani aliigundua. Inasemekana habari zake zilimfikia John Napier wa Merchiston, Uskoti, kupitia daktari John Craig. Napier alijiuliza kama kuna njia ya kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha bila kupitia pembe. Mwaka 1614, baada ya miaka ipatayo 20 ya kazi, alitoa logi zake. Cha kutazamwa ni kwamba jedwali lake la kwanza lilikuwa la logi za saini. Wakokotoaji wa nyota ndio waliokuwa wateja.

Logi ziliiua mbinu ya Werner ndani ya kizazi kimoja. Nani angehangaika na pembe nne wakati namba mbili zinatosha?

Kanuni za pembe nyingi, wakati huohuo, ziliipatia Ufaransa sifa. Mwaka 1593 Adriaan van Roomen wa Leuven alitoa changamoto kwa wanahisabati wote: mlinganyo wa kipeo cha 45. Inasimuliwa kwamba balozi wa Uholanzi alimtania Mfalme Henri IV kuwa nchi yake haina mtu wa kuutatua. Mfalme akamwita François Viète, mwanasheria wake na mfumbuzi wa barua za siri za Wahispania. Viète alipozitazama namba 45 na 3,795 zilizoanza mlinganyo aliwatambua ndugu wa kanuni ya al-Kashi: ilikuwa ni pembe iliyogawanywa mara 45. Akatoa jibu moja papo hapo, na siku iliyofuata akaongeza mengine 22.

Euler, 1748

Hadi karne ya 18 saini ilikuwa urefu wa mstari katika duara la ukubwa fulani, na kila mwandishi alichagua duara lake. Leonhard Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748, aliweka nusu kipenyo kuwa 1 na kuzichukulia saini na kosaini kama namba tu. Kisha akaziunganisha na vipeo vya namba e kwa kutumia kipeuo cha pili cha hasi 1. Ghafla kanuni zilizowachukua watu karne nyingi zikawa matokeo ya kuzidisha vipeo viwili. Kwa maoni yangu hapo ndipo somo lilipopata faida na hasara kwa pamoja. Uthibitisho ukawa mstari mmoja, na sababu ya kuutafuta ikafichika.

Bahari, 1822–1873

Joseph Fourier, akichunguza jinsi joto linavyosambaa, alichapisha mwaka 1822 wazo kwamba karibu kila mwendo unaojirudia unaweza kuvunjwa kuwa jumla ya saini na kosaini. William Thomson, baadaye Lord Kelvin, alilipeleka wazo hilo baharini. Kuanzia 1867 alichambua kupanda na kushuka kwa maji kama jumla ya mawimbi mengi, na kufikia 1873 alikuwa na mashine ya kapi na kamba iliyojumlisha kosaini kumi na kuchora maji yatakavyokuwa kwa mwaka mzima.

Wimbi kubwa kuliko yote linatokana na mwezi na hurudi kila saa 12.42. Linalofuata ni la jua, kila saa 12 kamili. La mwezi linapiga hatua ya nyuzi 28.984 kwa saa, la jua nyuzi 30. Kanuni ya Werner, ikisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, inasema kwamba kosaini mbili zinazojumlishwa ni sawa na wimbi moja ambalo ukubwa wake unapanda na kushuka polepole. Tofauti ya mwendo ni nyuzi 1.016 kwa saa. Gawa 360 kwa hiyo, upate saa 354, yaani siku 14 na robo tatu. Wavuvi wa Pemba na Lamu wanaijua namba hiyo bila kalamu: ni muda wa kutoka bamvua moja hadi nyingine. Maji mafu hayaishi kabisa kwa sababu wimbi la jua ni karibu nusu tu ya lile la mwezi, hivyo haliwezi kulifuta.

Redio na kikokotoo, 1918–1972

Mwaka 1918 Edwin Armstrong, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa Paris, alihitaji kupokea mawimbi ya kasi ambayo vikuzaji vya wakati ule havikuyaweza. Aliyachanganya na wimbi lililotengenezwa ndani ya redio yenyewe. Mawimbi mawili yakizidishwa hutoa jumla na tofauti, kama Werner alivyoandika. Redio huitupa jumla na kubaki na tofauti, ambayo ni ya kasi ndogo na rahisi kukuza. Stesheni ya kilohezi 1,000 ikichanganywa na wimbi la 1,455 hutoa 455, na redio nyingi za masafa ya kati zilitengenezwa kusikiliza namba hiyo moja tu, stesheni yoyote uitakayo.

Kifo cha majedwali nacho kililetwa na kanuni ya Ptolemy. Katika miaka ya 1950 mhandisi Jack Volder alipewa kazi ya kutengeneza kompyuta ya uelekezaji kwa ndege ya kivita ya B-58. Mashine ilitakiwa itoe saini upesi, lakini saketi za kuzidisha zilikuwa kubwa na nzito. Volder alichagua pembe ambazo tanjenti zake ni 1, ½, ¼, ⅛ na kuendelea. Pembe yoyote hufikiwa kwa kuzijumlisha na kuzitoa: ukitaka 30, anza na 45, toa 26.57, ongeza 14.04, toa 7.13, na hivyo hivyo mpaka utosheke. Kila hatua ni kanuni ya jumla au tofauti ya pembe mbili, na kwa kuwa tanjenti ni nusu na robo, mashine inayohesabu kwa mbili haizidishi chochote. Inasogeza tarakimu na kujumlisha. Alichapisha mbinu hiyo mwaka 1959.

Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kushika mkononi chenye saini, kosaini na tanjenti. Ndani yake mlikuwa na mbinu ya ukoo wa Volder, ila kwa makumi: pembe ambazo tanjenti zake ni 1, 0.1, 0.01. Kiliuzwa dola 395. Kwa bei hiyo, katika shule za Afrika Mashariki kitabu cha majedwali ya tarakimu nne kilikuwa bado na miaka mingi ya kazi mbele yake, kwa kuwa kilikuwa rahisi na hakikuhitaji betri.